Ruzuku Humwalika Nani? Stima, Chai na Upepo, Kutoka Kericho Hadi Loiyangalani



Leo hakuna msimbo wala programu mpya ya kupakua. Leo ni historia. Lakini msikimbie, maana ni historia yenye mantiki ile ile tunayoitumia kila siku mbele ya kompyuta: ukitaka kujua mfumo umejengwa kwa ajili ya nani, usisome tangazo lake. Soma masharti ya kuingia.

Swali la leo ni hili. Serikali inapotoa ruzuku ili watu wawekeze kwenye umeme wa upepo, ni nani hasa anayekuja kuwekeza? Mkulima? Benki? Kampuni kutoka Ulaya? Watu wengi hudhani jibu linategemea upepo unavuma wapi. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini upepo hauchagui tajiri wala maskini. Anayechagua ni sheria.

Nitaanzia mahali ambapo hakuna mtambo hata mmoja wa upepo unaolisha gridi ya taifa: Kericho na Bomet, nchi ya chai. Huenda ukauliza, mbona uanzie huko? Kwa sababu huko watu walianza kuzalisha stima yao wenyewe zamani sana kabla neno "nishati jadidifu" halijaingia kwenye kamusi zetu, na ukifuata nani alijenga mtambo upi na kwa msaada gani, unapata somo zima bila kulipa ada.

Ruzuku si pesa taslimu tu

Kwanza tukubaliane maana. Tukisikia "ruzuku" wengi tunafikiria mbolea ya bei nafuu. Lakini ruzuku huja na nguo nyingi. Serikali inaweza kukupa ardhi kwa bei ya kutupa. Inaweza kukusamehe kodi. Inaweza kukuahidi bei maalumu ya kila yuniti ya stima utakayoiuza kwa miaka 20. Inaweza kukudhamini ili benki ikuamini. Inaweza kukukopea pesa za riba ndogo kutoka nchi rafiki. Inaweza pia kukujengea laini ya umeme hadi mlangoni pako.

Zote hizo ni ruzuku, na kila moja ina mgeni wake. Msamaha wa kodi haumsaidii asiye na faida ya kutozwa kodi. Ahadi ya bei haimsaidii asiye na mtaji wa kujenga. Dhamana ya serikali haimsaidii mtu ambaye mradi wake ni mdogo kuliko ada ya wakili. Shikeni hilo, tutarudi kwalo.

1934: mwaka wa mitambo, mwaka wa kuhamishwa

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 huko Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango ule ulijulikana kwa kifupi kama BEADOC. Walipanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na katikati ya miaka ya 1920 mpango ukafa. Wakati huo huo kampuni mbili kubwa za chai zilikuwa zinaingia: Brooke Bond, na African Highlands Produce ya ukoo wa James Finlay. Sehemu ya ardhi ile ya maofisa ikaishia kwenye chai.

Sheria ya Ardhi ya 1915 iliruhusu mikataba ya kukodi ya miaka 999. Fikiria hilo kama mwekezaji. Ardhi yenye mvua karibu mwaka mzima, mito inayoteremka kutoka msitu wa Mau, na hati inayodumu kuliko ukoo wako mara thelathini. Hiyo ndiyo ruzuku ya kwanza ya nishati katika eneo lile, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Kiwanda cha chai kinahitaji joto la kukaushia majani, na stima ya kuendesha feni za kunyausha na mashine za kusaga. Joto lilitoka kwenye kuni. Stima ikatoka mtoni.

Orodha za mitambo midogo ya maji nchini Kenya zinaonyesha kwamba James Finlay ilikuwa na mitambo miwili ya mwaka 1934, mmoja wa kilowati 300 na mwingine wa kilowati 400. Ikaongeza mwingine 1980, mwingine 1984, na wa tano mwaka 1999 wenye megawati 1.1. Ukijumlisha yote mitano unapata kama megawati 2.3. Brooke Bond nayo ilikuwa na mitambo minne midogo, jumla ya kilowati 630 hivi. Kule Nandi, shamba la Savani lilikuwa na mtambo tangu 1927.

Sasa angalia mwaka huo 1934 kwa jicho la pili. Ndio mwaka serikali ya kikoloni ilipopitisha sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na kuwapeleka uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Sisemi kwamba walihamishwa kwa sababu ya mitambo ile. Nasema kwamba mfumo mmoja ulikuwa unagawa ardhi, maji na amri kwa wakati mmoja, na ukishajua nani alipewa nini, huhitaji kuuliza kwa nini mwekezaji wa stima Kericho alikuwa kampuni na si mwenyeji. Mwenyeji hakuruhusiwa hata kulima chai kwa uhuru. Mlango wa chai kwa wakulima wadogo ulifunguka kwa kweli katika miaka ya 1950, Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipokuja.

Madai hayo hayajaisha. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo iliweka kikomo cha miaka 99 kwa mikataba ya ardhi ya wageni. Na mashamba yenyewe yamebadilisha mikono: Unilever, iliyoinunua Brooke Bond mwaka 1984, iliuza biashara yake kubwa ya chai mwaka 2022, na kampuni ya Browns ya Sri Lanka ikachukua mashamba ya Finlay ya Kericho mwaka 2023.

Hospitali, serikali, na mto ule ule

Tusidhani kampuni peke yake ndizo zilizotumia maji. Kule Bomet, Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na misheni ya Kimarekani, ilijenga mtambo wake katika maporomoko ya mto Nyangores. Ulianza kazi mwaka 1987 ukiwa na uwezo wa kilowati 320. Hapa mwekezaji hakutafuta faida. Alitaka taa za chumba cha upasuaji zisizimike. Mtaji wa misheni hutoka kwa wafadhili, na mfadhili haulizi riba.

Halafu njoo kwa serikali. Mito ya nyanda za chai, kama Kipsonoi na Itare, huungana na kuwa mto Sondu, ambao huteremka kwenda Ziwa Victoria. Huko chini KenGen ilijenga kituo cha Sondu Miriu cha megawati 60, kilichoanza kuzalisha mwaka 2008 kwa mikopo nafuu ya Japani. Baadaye kikaongezwa kituo cha Sang'oro cha megawati 21, kinachotumia maji yale yale yakishatoka Sondu Miriu.

Ona hesabu hiyo. Mitambo mitano ya Finlay, iliyojengwa kwa miaka 65, haifiki megawati 3. Mikopo ya Japani imeleta 60. Tofauti si ya maji peke yake. Mkopo wa riba ndogo wa miaka mingi hupewa serikali, na serikali hujenga vitu vikubwa kupitia shirika lake. Ruzuku ya namna hiyo humwalika mwekezaji mmoja tu: shirika la umma.

Wadenmaki, Wajerumani na Wamarekani

Kabla hatujafika kwenye upepo wa Kenya, tuchungulie nje kidogo, maana wenzetu walifanya majaribio matatu tofauti na kupata wawekezaji watatu tofauti.

Denmark ilianza mwaka 1979 kwa kulipia asilimia 30 ya gharama ya mtambo wa upepo. Ukaongezwa unafuu wa kodi kwa watu wenye hisa ndogo, pamoja na sharti kwamba mwenye hisa awe anaishi karibu na mtambo. Nani alikuja? Wakulima, walimu, majirani. Walianzisha vyama na kugawana hisa. Ndiyo maana hata mwaka 2000, mitambo 20 ya Middelgrunden iliposimamishwa baharini karibu na Copenhagen, nusu yake ilimilikiwa na chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000.

Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1990 iliyolazimisha kampuni za umeme kununua stima ya upepo kwa bei iliyopangwa, kisha sheria ya mwaka 2000 ikaihakikisha bei hiyo kwa miaka 20. Mkulima aliingia benki ya kijijini na sheria mkononi. Benki ilijua mapato ya miaka 20 ijayo, ikamkopesha. Ujerumani ilipohamia kwenye minada mwaka 2017, vyama vya wananchi vilipata shida, kwa sababu mnadani unaweza kutumia pesa za maandalizi kisha ukashindwa. Kampuni yenye miradi ishirini hustahimili kushindwa mara kumi na tano. Kijiji chenye mradi mmoja hakiwezi.

Marekani ilichagua punguzo la kodi kwa kila yuniti inayozalishwa, kuanzia sheria ya nishati ya 1992. Je, ni nani mwenye kodi kubwa ya kupunguziwa? Benki na mashirika makubwa. Basi benki za Wall Street zikawa wabia wa mitambo ya upepo, ingawa hazikuwa na hamu yoyote ya upepo. Zilikuwa na kodi.

Upepo ni ule ule. Mitambo inafanana, mingine ilitoka kiwanda kimoja. Wamiliki ni tofauti kabisa. Hicho ndicho kiini cha makala hii.

Kenya yatangaza bei

Upepo wa gridi hapa kwetu ulianza kwa zawadi. Mwaka 1993 mitambo miwili yenye jumla ya kilowati 350 ilisimamishwa milima ya Ngong kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 KenGen ikaweka mitambo sita mipya, jumla megawati 5.1, na kufikia mwaka 2015 Ngong ilikuwa na megawati 25.5. Yaani msaada na mikopo ya nchi rafiki ilizaa tena shirika la umma.

Mwaka 2008 Wizara ya Nishati ikajaribu njia ya Wajerumani. Ilitangaza sera ya bei maalumu: ukizalisha umeme wa upepo, wa maji kidogo au wa mabaki ya mimea, Kenya Power itakununulia kwa bei iliyopangwa. Upepo ulipewa hadi senti 9 za dola ya Marekani kwa yuniti. Maji yalipewa kwa ngazi: mtambo wa chini ya megawati 1 senti 12, hadi megawati 5 senti 10, hadi megawati 10 senti 8. Mwaka 2010 bei ya upepo ikapandishwa hadi senti 12, na mkataba ukawa wa miaka 20. Desemba 2012 ikarekebishwa tena, upepo ukawa senti 11.

Kwenye karatasi ilikuwa sera nzuri. Lakini soma masharti ya kuingia, kama nilivyosema mwanzoni. Mradi wa maji ulipaswa kuwa na angalau megawati 0.5. Vijito vingi vya nyanda za chai haviwezi kufika hapo. Pili, bei hulipwa baada ya kuzalisha. Upembuzi, vibali vya maji, vibali vya mazingira, wanasheria na laini ya kukufikisha kwenye gridi ni juu yako, na kazi hiyo huchukua miaka. Tatu, Ujerumani ilikuwa na benki za vijijini zilizoizoea sheria ile. Hapa benki ilitaka hati ya shamba na riba ya shilingi.

Ukiiandika kama programu, sera ile inasomeka hivi:

kama (una_mtaji_wa_maandalizi) na (una_dhamana) na (unaweza_kusubiri_miaka)
basi: karibu
la_sivyo: asante_kwa_kuja

Hakuna mstari unaosema "wakulima hawaruhusiwi". Wala hauhitajiki. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

KTDA: wakulima wanapofikia mlango

Hata hivyo, kuna wakulima waliopita mlango huo, na inafaa tujue walipitaje.

KTDA ilianzishwa mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali ya kusimamia chai ya wakulima wadogo. Mwaka 2000 ikawa kampuni inayomilikiwa na viwanda, na viwanda vyenyewe vinamilikiwa na wakulima. Litein, Kapkatet, Tegat na Momul upande wa Kericho, Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na Kapset upande wa Bomet, vyote viko humo. Nchi nzima ni wakulima zaidi ya nusu milioni. Mkulima mmoja mwenye vichaka nusu ekari hana dhamana. Kiwanda chenye hesabu zilizokaguliwa na chai inayouzwa mnada wa Mombasa kila wiki kinayo.

Kiwanda cha Imenti, Meru, kikawa cha mwanzo kati ya vile vya KTDA kujenga mtambo wake wa maji, wa karibu megawati 1, na kuuza ziada Kenya Power chini ya sera ile. Mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusafisha nishati ya sekta ya chai Afrika Mashariki, ulioendeshwa pamoja na chama cha wafanyabiashara wa chai cha EATTA, ulisaidia katika upembuzi wa mito, yaani ile gharama ya mwanzo ambayo bei maalumu hailipi. Baadaye ukaja Gura, Nyeri, wa karibu megawati 6. Mito ya Chemosit na Kipsonoi, ya kwetu Kericho na Bomet, nayo ikaingizwa kwenye mipango, na mashirika ya IFC, FMO ya Uholanzi na Proparco ya Ufaransa yakajitokeza na mikopo.

Kwa hiyo wakulima waliweza, kwa vitu vitatu: ushirika uliokuwapo tayari, pesa za maandalizi, na mkopo mrefu. Bei maalumu ilikuwa kitu cha nne. Bila vile vitatu, ingebaki tangazo gazetini.

Ila kuna upande wa pili ambao mkulima wa Litein anaujua vizuri kuliko mchumi yeyote. Kiwanda kikikopa, deni hulipwa kabla ya bonasi. Mkulima anakuwa mwekezaji wa stima bila kuulizwa moja kwa moja, na asipoelezwa hesabu, anachoona ni bonasi iliyopungua. Umiliki wa namna hii ni wa kweli pale tu mkutano mkuu wa kiwanda unapopewa namba zote: mtambo uligharimu kiasi gani, unauza kwa bei gani, deni litaisha lini.

Tofauti na hao, Williamson Tea waliweka shamba la jua la megawati 1 katika shamba la Changoi mwaka 2014. Hawakusubiri mkataba wa kuuza kwa Kenya Power. Stima inatumika kiwandani. Hapa ruzuku iliyokuwa na maana ni ya kodi. Kwa miaka ya 2010 sheria ya kodi ya mapato iliwapa waliowekeza angalau shilingi milioni 200 katika majengo na mashine za viwanda, nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, punguzo la asilimia 150, hadi mageuzi ya 2020. Sisemi kampuni ipi ilitumia kipengele kipi. Nasema soma kiwango chenyewe: milioni 200. Kipengele hicho kilikuwa kinaongea na nani?

Loiyangalani, Kinangop, Kipeto

Sasa upepo wenyewe. Mradi wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani huko Marsabit, una mitambo 365 ya Vestas, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Ulikuwa mkubwa mno kwa sera ya bei maalumu, hivyo bei yake ikajadiliwa peke yake, ikawa chini ya ile iliyotangazwa. Mshangao ni huu: bei ilikuwa ndogo, lakini wawekezaji wakubwa walikuja. Kwa nini? Kwa sababu ruzuku haikuwa kwenye bei. Ilikuwa kwenye mkataba wa miaka 20 wa fedha za kigeni, kwenye mikopo iliyoandaliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na kwenye ahadi ya serikali kujenga laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Wenye hisa walikuwa mifuko ya serikali za Denmark, Norwe na Finland, Vestas yenyewe, na kampuni za uendelezaji. Hata Google ilitangaza mwaka 2015 kwamba ingenunua asilimia 12.5, kisha mpango ukafa. Mwaka 2023 mfuko unaosimamiwa na BlackRock ukaingia kwa asilimia 31.25.

Mitambo ilikamilika 2017. Laini haikuwa tayari. Mkandarasi wake, Isolux ya Hispania, alifilisika, na stima ikaanza kutiririka Septemba 2018. Kwa kipindi hicho mkataba ulidai wawekezaji walipwe kwa stima ambayo ingeweza kuzalishwa, na fidia ikafika mabilioni ya shilingi. Hatari ya laini kuchelewa ilikuwa ya mwananchi, si ya mwekezaji. Hiyo nayo ni ruzuku, tena ghali. Kuhusu ardhi, mwaka 2021 Mahakama ya Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 zilipatikana bila kufuata sheria, na kesi ikaendelea kwa rufaa. Msomaji wa Kericho hahitaji kufafanuliwa hapo.

Kinangop, Nyandarua, mradi wa megawati 60 ulikuwa na pesa na mkataba. Wakulima wakaupinga kwa sababu ya ardhi, na ukafutwa Februari 2016. Kipeto, Kajiado, wa megawati 100, ulianza kazi 2021 huku jamii ya wenyeji ikiwa na asilimia 5 ya hisa. Asilimia 5 si nyingi. Lakini mlinganishe mtu mwenye asilimia 5 na mtu mwenye sifuri siku mtambo unapoanza kuzunguka juu ya malisho yake.

Bei ya dola

Kuna jambo moja la kihesabu ambalo wana teknolojia tutalipenda. Bei maalumu ilitangazwa kwa dola. Mwaka 2008 dola ilikuwa kama shilingi 65, kwa hiyo senti 9 zilikuwa shilingi 5.85. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Senti zile zile 9 ni shilingi 14.40. Upepo haujaongezeka wala mtambo haujabadilika. Kilichobadilika ni tokeni yako.

Mwekezaji aliyekopa dola analindwa. Mkulima anayelipwa shilingi na kununua stima kwa shilingi halindwi. Hii ni moja ya sababu kikosi kazi kilichoteuliwa Machi 2021 chini ya John Ngumi kilipendekeza mikataba ya kununua umeme iangaliwe upya.

Mwaka huo huo wa 2021 sera ikabadilika. Bei maalumu ilibaki kwa maji madogo, mabaki ya mimea na biogesi, isiyozidi megawati 20. Upepo na jua vikapelekwa mnadani. Mnada hushusha bei, na hilo ni jema kwa mnunuzi. Lakini tumeona Ujerumani mnada humwalika nani.

Tufanye nini sasa?

Sidai kwamba Kericho na Bomet zikimbilie upepo. Maji ndiyo mali yao, na mtaalamu wa upepo ataelekea Marsabit na Kajiado kwanza. Ninachodai ni kwamba tuache kujadili ruzuku kwa swali moja la "ni kiasi gani?" Tuulize manne. Inalipwa lini, kabla ya kujenga au baada? Inalipwa kwa sarafu gani? Kiwango cha chini cha kuingia ni kipi? Na mambo yakiharibika, hasara ni ya nani?

Majibu ya maswali hayo manne yanakuambia jina la mwekezaji kabla hajafika. Yalimtaja kampuni ya mashamba mwaka 1934, yakamtaja KenGen mwaka 2008, na huko Loiyangalani yakataja mifuko ya Ulaya. Na pale ushirika ulipopata pesa za upembuzi na mkopo mrefu, yakamtaja mkulima wa chai.

Kwa hiyo wewe mwenye vichaka vyako Litein au Mogogosiek, mkutano mkuu wa kiwanda ukiitwa, nenda na kalamu. Ukisikia neno "mradi wa umeme", uliza hayo manne, na usiketi hadi namba ziwe zimeandikwa.

Tuonane kwenye makala ijayo, stima ikiwepo.